Opry 100 Runingani: Tamasha Kubwa Lililopendeza Zaidi Lilipotulia

Kituo cha NBC cha Marekani kilipotenga saa tatu za usiku wa tarehe 19 Machi 2025 kwa ajili ya tamasha la Opry 100: A Live Celebration, kilijitwika mzigo mzito: kuiadhimisha karne moja ya Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoulea muziki wa kantri hadi ukakomaa, mbele ya watazamaji ambao wengine wamezeeka nacho na wengine hawajawahi kukisikiliza hata mara moja. Tamasha lilirushwa mubashara kutoka Opry House mjini Nashville, jimbo la Tennessee, baadhi ya sehemu zikitoka Ryman Auditorium, na lilipatikana pia kwenye Peacock, huduma ya kampuni hiyohiyo ya kutazama vipindi kwa intaneti. Ninaandika nikimfikiria mpenzi wa kantri ya zamani anayejiuliza kama saa tatu hizo zinafaa kutengwa. Jibu langu ni kwamba zinafaa, ingawa si zote, na kwamba uzuri wa tamasha hili hauko pale waandaaji walipotumia nguvu nyingi zaidi.

Ili kulitendea haki, ni lazima kwanza ieleweke Opry ni kitu gani, kwa sababu si shindano wala hafla ya tuzo. Ilianza tarehe 28 Novemba 1925 katika studio ya WSM, kituo cha redio kilichomilikiwa na kampuni ya bima ya National Life, pale mtangazaji George D. Hay alipomketisha mbele ya kipaza sauti mzee wa miaka 77, mpiga fidla Uncle Jimmy Thompson. Tangu hapo utaratibu wake haujabadilika sana: wanamuziki hupishana jukwaani, kila mmoja akiimba nyimbo chache tu, mtangazaji akiwa amesimama pembeni na karatasi zake, na wakongwe wakigawana usiku uleule na chipukizi. Mwanamuziki haombi uanachama; hualikwa, na mara nyingi mwaliko huo hutolewa hadharani, bila yeye kutarajia. Kuanzia 1943 hadi 1974 makazi ya kipindi yalikuwa Ryman, jengo la ibada lililofunguliwa mwaka 1892 na ambalo hadi leo hadhira yake huketi kwenye mabenchi marefu ya mbao kama ya kanisani. Kilipohamia Opry House tarehe 16 Machi 1974, duara la mbao za mwaloni lilikatwa kutoka jukwaa la Ryman na kupachikwa katikati ya jukwaa jipya, ili kila mwimbaji asimame pale waliposimama magwiji wa kantri kama Hank Williams na Patsy Cline. Mto Cumberland ulipofurika mwezi Mei 2010 na maji kulifunika jukwaa, duara hilo liliokolewa na kutengenezwa, na jengo likafunguliwa tena mwezi Septemba mwaka huohuo.

Nimelieleza duara kwa urefu kwa kuwa ndilo kipimo nilichotumia kulipima tamasha zima. Kila mara mwimbaji mmoja aliposimama pale na kuachiwa wimbo wake, nilikuwa nikiitazama Opry. Kila mara jukwaa lilipojazwa watu, taa na haraka, nilikuwa nikitazama kipindi cha runinga ambacho kingeweza kutoka mji wowote, kikiadhimisha jambo lolote.

Mshereheshaji alikuwa Blake Shelton, mwanachama wa Opry tangu 2010, na haihitaji ramli kujua kwa nini aliteuliwa: kwa miaka 12 alikuwa mkufunzi katika The Voice, shindano la uimbaji la NBC hiyohiyo. Uteuzi wa kibiashara, basi, lakini haukuwa mbaya. Shelton anaongea kama mtu anayepiga soga kibarazani, anajua watu anaowakaribisha, na hana ile tabia ya washereheshaji wengi ya kujifanya wao ndio sherehe yenyewe.

Dakika ambazo ningemwonyesha hata mtu asiyeipenda kantri ni zile ambazo Carrie Underwood, nyota aliyeibuka kupitia shindano la runinga la American Idol, aliimba "Forever and Ever, Amen". Wimbo huo, ulioandikwa na Paul Overstreet na Don Schlitz, ni wa Randy Travis, na ulipotoka mwaka 1987 ulikaa kileleni mwa chati ya kantri kwa wiki tatu. Travis ni miongoni mwa watu wachache walioirudisha kantri kwenye sauti yake ya asili katika miaka ya 1980, wakati Nashville ilikuwa imejikita katika kuifanya ifanane na muziki wa pop. Kampuni za kurekodi zilimkataa kwa madai kwamba uimbaji wake ulikuwa wa kantri kupita kiasi. Alikuwa akipika na kuimba katika klabu ya Nashville Palace hadi albamu yake ya 1986, Storms of Life, ilipowaziba midomo waliomkataa. Mwezi Julai 2013 alipatwa na kiharusi kilichomwachia ugumu mkubwa wa kuzungumza, na sauti ile nzito, iliyokuwa ikishuka chini bila kujikaza, haijasikika tena hadharani isipokuwa kwa nadra na kwa maneno machache.

Usiku ule Travis alikuwa ameketi miongoni mwa hadhira, mkewe akiwa kando yake. Underwood aliuimba wimbo akakaribia mwisho wake, akashuka jukwaani, akamfuata pale alipoketi na kumsogezea kipaza sauti, na Travis akaitoa "Amen" ya mwisho kwa kinywa chake mwenyewe. Neno moja tu. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na sidhani kama kuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Kwa wanaowafuatilia wawili hawa kulikuwa na jambo la ziada: mwezi Machi 2008 ni Travis aliyemshtukiza Underwood kwenye jukwaa la Opry kwa mwaliko wa kuwa mwanachama, na mwaka uliofuata wakatoa pamoja toleo jipya la "I Told You So", wimbo wa Travis, ambalo liliwapatia tuzo ya Grammy. Asiyejua lolote kati ya haya aliona msichana wa zamani wa mashindano ya runinga akimheshimu mzee mgonjwa. Anayejua aliona deni likilipwa mahali palepale lilipokopwa.

Ninachokisifu zaidi katika tukio hilo ni kujizuia. Runinga ina kishawishi kikubwa, inapompata mtu aliyeumia, cha kumzungushia masimulizi, picha za hospitali na muziki wa huzuni hadi mtazamaji alazimike kulia hata kama hakuwa na mpango huo. Hapa wimbo uliachwa ufanye kazi yake. Underwood, ambaye ana sauti yenye uwezo wa kubomoa ukuta na mara nyingine huitumia kwa namna hiyo, aliimba kama mtu anayetunza kitu cha mwenyewe, akijua wimbo huo una mwenyewe na mwenyewe yuko mita chache mbele yake.

Wa pili kwa uzito, kwa maoni yangu, ni Alan Jackson. Mwaka 2021 alieleza hadharani kwamba ana ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, unaodhoofisha misuli na kumfanya ayumbe anaposimama, na tamasha hili lilimkuta akiikaribia tamati ya ziara yake ya kuaga. Jackson hajawahi kuwa mtu wa mbwembwe. Ni mrefu, kofia imemfunika paji la uso, sauti haipandi wala kushuka bila sababu, na huimba kuhusu ndoa, wazazi na kazi kana kwamba anasoma barua aliyoiandika mwenyewe, jambo ambalo mara nyingi ndilo hasa, kwa kuwa nyimbo zake nyingi ni za kutunga kwake. Katika usiku uliojaa watu wanaojitahidi kuonekana, yeye hakujitahidi, na akaonekana kuliko wengi.

Reba McEntire naye hakuniangusha. Hadithi ya kuimba kwake Opry kwa mara ya kwanza mwaka 1977 inajulikana: mlinzi wa getini alimzuia yeye na wazazi wake kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha, na alipofanikiwa kuingia akaelezwa kwamba wimbo wake mmoja umeondolewa, kwa kuwa Dolly Parton amefika bila kutarajiwa na lazima apewe nafasi. Ukimsikiliza sasa, mwanamke ambaye sauti yake bado ina ule mkunjo wa Oklahoma kila anaporefusha irabu, unaelewa kwa nini masimulizi ya aina hii ni mali ya Opry kuliko takwimu zozote za mauzo. Garth Brooks na mkewe Trisha Yearwood, pamoja na Vince Gill na Ricky Skaggs, walikuwa katika kundi hilohilo la watu ambao uzoefu wao huonekana kwenye mambo madogo: namna ya kusogea nusu hatua nyuma ya kipaza sauti mwenzako anapoingia, namna ya kunyamazisha nyuzi za gitaa kwa kiganja ili ubeti wa mwisho usikike.

Dolly Parton mwenyewe, mwanachama tangu 1969, alionekana kwa njia ya video. Mumewe, Carl Dean, alikuwa amefariki dunia tarehe 3 Machi, yaani wiki mbili na siku chache kabla, na hakuna mtu mwenye busara angemlaumu kwa kutofika. Hata hivyo pengo lake lilionekana, na halikuzibika.

Sasa nije kwenye kasoro, ambazo nyingi zina chanzo kimoja: woga. Waandaaji hawakuamini kwamba mtazamaji wa NBC angekaa chini kumsikiliza mzee mmoja na gitaa lake kwa dakika nne, hivyo wakawaita wanamuziki wengi kupita uwezo wa usiku mmoja. Orodha ndefu hupendeza kwenye bango la tangazo, lakini jukwaani hugeuka foleni. Wapo waliokuja, wakasalimia, wakaimba, wakaondoka kabla sijamaliza kujiuliza wana uhusiano gani na historia inayoadhimishwa. Nyota wa siku hizi, kama Post Malone na Jelly Roll, sina ugomvi nao; Opry imekuwa ikichanganya wapya na wa zamani tangu enzi za Hay, na anayedai kantri ya zamani ilikuwa safi haijui. Tatizo ni kwamba kijana anaheshimika zaidi akikaa kando ya mzee na kujifunza hadharani kuliko akipangwa kati ya wazee ili kuvuta watazamaji.

Matangazo ya biashara yaliniudhi kwa namna ya pekee, na nataka nieleweke vizuri, kwa sababu kulalamikia biashara ndani ya Opry ni sawa na kulalamikia maji baharini. Herufi WSM zenyewe zilitokana na kaulimbiu ya kampuni ya bima iliyojigamba kuwakinga mamilioni, "We Shield Millions". NBC hiyohiyo ilianza kurusha nusu saa ya Opry katika mtandao wake wa redio mwaka 1939, ikidhaminiwa na tumbaku ya Prince Albert, na Lester Flatt na Earl Scruggs waliimba tangazo la unga wa Martha White mara nyingi hadi mashabiki wakaanza kuliomba kama wimbo. Katika Opry ya kila wiki, mtangazaji husoma tangazo papo hapo jukwaani, huku bendi inayofuata ikichomeka nyaya na kulegeza au kukaza nyuzi. Hadhira huona kila kitu, na tangazo huwa sehemu ya onyesho. Runinga ya kibiashara hufanya kinyume: inakata, inakuondoa ukumbini, inakurudisha ukiwa umepoa. Lingekuwa jambo la busara, na la kufurahisha pia, kama angalau mdhamini mmoja angesomwa kwa mtindo ule wa zamani, na kamera ikabaki jukwaani kutuonyesha yule mpiga fidla anayetafuta mahali pa kuweka glasi yake ya maji.

Kasoro ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Karne ni miaka 100, lakini tamasha lilikuwa na kumbukumbu ya kama nusu ya hiyo. Kuanzia Patsy Cline kuja huku tulihudumiwa vizuri. Miaka ya kabla yake iliguswa kwa juujuu. Kwa mujibu wa masimulizi ya Opry yenyewe, jina Grand Ole Opry lilizaliwa hewani mwaka 1927, Hay alipokitania kipindi cha muziki wa klasiki cha NBC kilichokuwa kimetangulia, akisema kwamba baada ya opera kubwa ya wenye suti sasa inakuja ile ya watu wa kawaida, "Opry" ikiwa ni neno opera kwa matamshi ya kijijini. Aliyekuwa akipiga usiku huo ni DeFord Bailey, Mmarekani Mweusi aliyeweza kuitoa treni nzima, magurudumu, mvuke na honi, ndani ya harmonika ndogo ya kushikwa kwa mikono miwili. Bailey alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza kabisa wa kipindi. Mwaka 1941 aliondolewa, akaendesha maisha yake kwa kung'arisha viatu mjini Nashville, na hakuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri hadi 2005, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Opry iliomba radhi hadharani mwaka 2023.

Fikiria, basi, tamasha la NBC ambalo lingeanza na harmonika peke yake gizani, likimkumbusha mtazamaji kwamba jina la sherehe hii lilitokana na utani juu ya kipindi cha NBC na pumzi ya mtu huyo. Ningempa Bailey nafasi kubwa kuliko aliyopata, si kwa kutafuta usawa wa kulazimisha, bali kwa sababu hiyo ndiyo hadithi nzuri kuliko zote walizokuwa nazo mkononi. Banjo yenyewe, chombo ambacho wengi hukihusisha na wazungu wa milima ya Appalachia, asili yake ni ala za Waafrika waliopelekwa Amerika utumwani. Tamasha la kuadhimisha miaka 100 ndilo mahali pa kusema mambo kama haya kwa sauti na kwa raha, bila hotuba, kwa kumwachia tu mpigaji mzuri wa banjo dakika tatu.

Kuhusu matumizi ya Ryman, waliamua vyema kurudi pale, ila walirudi kwa haraka. Ukumbi ule unachukua watu 2,362, karibu nusu ya wanaoingia Opry House, na mbao zake huifanya sauti ya binadamu isikike karibu, kana kwamba mwimbaji yupo benchi la pili. Ni pale ambapo, Desemba 1945, Earl Scruggs alijiunga na bendi ya Bill Monroe na kupiga banjo kwa vidole vitatu kwa kasi ambayo hadhira haikuwa imewahi kuisikia, na wanahistoria wengi huhesabu usiku huo kuwa mwanzo wa bluegrass, tawi la kantri la banjo, fidla na ala nyingine zisizotumia umeme, kama tunavyoijua. Kama ningekuwa mpangaji, ningeiweka saa nzima ya kwanza Ryman, kwa vyombo visivyotumia umeme na bila ngoma, nikikumbuka kwamba Opry iliwahi kuzipiga marufuku ngoma jukwaani kwa miaka mingi, kisha nihamie Opry House kwa ajili ya kelele na nyota. Mtazamaji angeisikia karne ikipita masikioni mwake badala ya kuambiwa kwamba imepita.

Kwa anayetaka alama, ninalipatia tatu na nusu kati ya tano. Lingekuwa la saa mbili na wanamuziki pungufu, ningelipatia nne bila kusita.

Atakayepata rekodi ya tamasha hili asione haya kuruka. Aanze na Underwood na Travis, aende kwa Alan Jackson, kisha Reba, Vince Gill na Ricky Skaggs, na baada ya hapo achague kwa majina anayoyapenda; mpangilio wa usiku wenyewe hauna simulizi ambayo ataipoteza akiruka. Na akitaka kujua Opry inavyokuwa bila kamera za taifa zima, WSM bado ipo hewani katika masafa ya 650 AM na inasikika pia kwa intaneti, na Jumamosi usiku kipindi hurushwa kama kawaida, tangazo la biashara likisomwa jukwaani na mpiga fidla akisubiri zamu yake.